Hedfoni bila ngozi ya mnyama: rivyu ya Beyerdynamic DT 770 Pro kwa sisi tusiotaka kuvaa ngozi

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama huli nyama, au wewe ni vegani kabisa (yaani hutumii chochote kinachotoka kwa mnyama), na unatafuta hedfoni kubwa za kufunika sikio lote ambazo pale zinapokugusa hakuna ngozi ya mnyama, chukua DT 770 Pro za Beyerdynamic, zile zenye mito ya mahameli ya kijivu. Sio hedfoni mpya, muundo wake ni wa miaka ya 1980 huko na mpaka leo studio nyingi bado wanazivaa, ila mi nazipenda kwa sababu moja kubwa ambayo ndo nataka kuielezea hapa kwa kirefu: kwenye mito ya masikio hawa hawakujibu suala la ngozi kwa kuweka ngozi bandia, waliweka kitambaa. Na ukishakaa na hivi vitu muda mrefu unaona kwamba kitambaa ndo jibu lenyewe, reksini, yaani hiyo ngozi bandia ya plastiki, ni jibu la nusu.

Sasa kabla sijaingia kwenye sauti na nini, niseme kwanini hili jambo lina uzito, maana kila nikilitaja kuna mtu anashangaa. Ukimwambia mtu hutumii ngozi anawaza viatu, mkanda, pochi, viti vya gari. Hedfoni hakuna anayezifikiria. Na ni kitu kinachokaa kwenye mwili wako masaa na masaa, kinagusa shavu, nyuma ya sikio, utosi, unatokwa jasho humo humo, na hedfoni nyingi za daraja la juu zimevikwa ngozi halisi, tena mara nyingi sio ya ng'ombe bali ya kondoo, na hasa mwanakondoo, kwa sababu ngozi ya mnyama mchanga ni nyembamba, laini, inakunjika vizuri kuzunguka sponji bila kufanya makunyanzi. Yaani ule ulaini wanaousifia kwenye matangazo unatokana na umri wa mnyama. Mi nikishajua hilo siwezi kuvaa nikasikiliza mziki kwa raha, moyo unakataa.

Kuna hoja moja inaletwa kila mara, kwamba ngozi ni mabaki tu ya nyama, mnyama kashachinjwa kwa ajili ya nyama, ngozi isipotumika itatupwa, kwahiyo hakuna ubaya. Naielewa, na kuna watu wasiokula nyama ambao wanaikubali na siwahukumu. Lakini ngozi haitolewi bure, inauzwa, ina bei yake, na ile hela inaingia kwenye hesabu ya yule yule anayechinja, sasa kama mimi nimeacha nyama ili nisichangie huo mnyororo halafu nalipa kwa mlango wa nyuma kupitia hedfoni, nimeacha nini hapo? Na kwa upande wa vejetariani, yaani wale wanaokunywa maziwa na kula mayai ila hawali nyama, mimi naona ngozi inawahusu zaidi hata ya hivyo vyakula wanavyobishaniwa kila siku, kwa sababu maziwa unaweza kukamua mnyama akabaki hai anatembea, ngozi huwezi kuivua mnyama akaendelea kuishi. Hakuna ngozi bila kifo. Kwahiyo hii sio mada ya mavegani peke yao.

Na wengine hata sio mambo ya vegani. Wapo Wahindu wengi wasiotaka kabisa ngozi ya ng'ombe mwilini, wapo Wajaini ambao kutodhuru kiumbe ndo msingi wa imani yao, na wapo Waislamu na Wayahudi wanaotaka kujua tu kama ni ya nguruwe au siyo. Wote hawa wanafungua boksi moja na wanakuta neno moja tu limeandikwa, ngozi, bila kuambiwa ni ya nani. Hapa ndo kampuni zinanikera kweli. Kuandika jina la mnyama kwenye karatasi ya maelezo kunagharimu nini?

Niliwahi kuwaandikia kampuni fulani ya hedfoni nikauliza swali jepesi tu, mito ya masikio imefunikwa na nini. Jibu la kwanza likaja kwamba ni ngozi ya hali ya juu. Nikauliza tena ngozi ya mnyama gani, mtu mwingine wa huduma kwa wateja akanijibu hapana ni ya kutengenezwa kiwandani, haina mnyama. Kampuni moja, hedfoni moja, majibu mawili yanayopingana. Sikununua. Sio kwamba nilikuwa na uhakika ni ngozi ya mnyama, ila kama wao wenyewe waliotengeneza hawajui kilichopo kwenye sikio la mteja, mimi nitajuaje.

Kitu ambacho watu wengi wanakosea (na hiki naomba ukishike kabla ya kununua chochote) ni kuangalia mito tu. Hedfoni ina sehemu mbili za kuuliza, mito ya masikio na mkanda wa juu ya kichwa, na kiwanda kinaweza kutumia vitu viwili tofauti kabisa. Mfano mzuri ni AKG K701, hedfoni inayopendwa sana, mito yake ni mahameli safi, ukiiona unasema hii ndo yangu, kumbe ule mkanda unaolalia utosi ni ngozi halisi. Kinyume chake ni Master & Dynamic MH40 ile isiyo na waya, mkanda wake wa juu umevikwa turubai lililopakwa, unaona turubai unafurahi, halafu mito ya masikio ni ngozi ya mwanakondoo. Ukiangalia picha peke yake umeingia mtegoni. Soma maelezo ya sehemu zote mbili, na kama maelezo yametaja moja tu, uliza ile nyingine.

Bowers & Wilkins nao wana funzo lao. Px8 za mwaka 2022 zimevikwa ngozi ya Nappa, yaani ngozi halisi laini, ndugu zake Px7 S2 za mwaka huo huo zikavikwa kitambaa na ngozi bandia. Ni familia moja, teknolojia zinakaribiana, ila ya bei kubwa ndo imepewa ngozi. Hapo unaona wazi kwamba ngozi mara nyingi haipo kwa ajili ya sauti, ipo ili hedfoni ionekane ya heshima, mteja aishike aseme naam hii ni ya gharama. Na huo ndo ugumu wa vegani mwenye sikio zuri, kadri unavyopanda daraja ndo mnyama anavyozidi kukufuata, wakati kwenye hedfoni za bei ya chini karibu zote ni reksini.

Ila mambo yanabadilika, tena kwa kasi. Sennheiser Momentum ya kwanza, 2012, ilijitangaza kwa ngozi ya kiwanda cha Pittards cha Uingereza, na Momentum 3 ya 2019 ilikuwa bado na ngozi halisi, lakini Momentum 4 ilipokuja 2022 ngozi imeondoka, mkanda ni kitambaa na mito ni ya kutengenezwa. Apple AirPods Max tangu zitoke 2020 mito yake ni kitambaa cha kufumwa, na mwaka 2023 Apple wakatangaza kuacha ngozi kwenye bidhaa zao mpya zote, mikanda ya saa, makava ya simu, kila kitu. Audeze wale wa hedfoni nzito zinazoitwa LCD wamekuwa wakimpa mteja chaguo la mito isiyo na ngozi kwenye hedfoni ile ile. Kwahiyo mtu asikwambie haiwezekani. Inawezekana, wakitaka.

Sasa tuongee maneno ya kwenye boksi, maana humo ndo watu wanapotelea. Ukiona Nappa au lambskin, hiyo ni ngozi halisi, mara nyingi ya kondoo au mwanakondoo, weka chini. Ukiona imeandikwa ngozi iliyolainishwa kwa mimea usifurahi, hiyo maana yake ni kwamba badala ya chumvi za kromiamu wametumia magome ya miti kuitengeneza, ngozi yenyewe bado ni ya mnyama, nimeshaona watu wawili watatu wakiinunua wakidhani wamepata kitu cha mimea. Ukiona PU, hiyo ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa, haina ngozi. Halafu kuna hii inaitwa protein leather ambayo imejaa kwenye hedfoni za kila aina, mara nyingi ni PU ya kawaida tu wameipa jina la kuvutia, lakini zipo aina ambazo ndani ya hiyo PU wamechanganya unga wa protini, kwa mfano unaotoka kwenye ule utando wa ndani ya ganda la yai, ili ukiigusa iwe kama ngozi ya mtu na inyonye unyevu kidogo. Kwa vejetariani anayekula mayai hilo linaweza lisimsumbue, kwa vegani ni tatizo. Hapo hamna ujanja, unauliza kiwanda.

Kama hedfoni tayari unazo mkononi na hujui ni nini, vua mto mmoja. Geuza upande wa ndani, pale kwenye mdomo mwembamba unaochomekwa kwenye kikombe, kwa sababu hapo kingo hazijafichwa vizuri. Ngozi halisi upande wa nyuma ina manyoya manyoya ya nyuzi fupi zilizojichanganya bila mpangilio, ukikwaruza na kucha zinasimama. Reksini upande wa nyuma utaona kitambaa, nyuzi zimepita mlalo na wima kama shati, au wavu mdogo mweupe, na juu yake utando mwembamba wa plastiki. Upande wa juu nao, vinyweleo vya ngozi halisi vimekaa ovyo, hapa vingi pale vichache, za kiwandani zinajirudia zinafanana. Ngozi zilizopakwa rangi nzito zinaweza kukudanganya kwa juu, kwahiyo amini upande wa nyuma zaidi.

Haya, sasa kwanini nasema reksini ni jibu la nusu. Kila aliyewahi kumiliki hedfoni za reksini anajua kinachokuja, siku moja unavua hedfoni mtu anakwambia una kitu cheusi sikioni, unapangusa, vipande vidogo vyeusi kama masizi, kesho tena, keshokutwa mto mzima umeanza kumenyeka na chini kimebaki kitambaa kijivu. Sio kwamba umezitunza vibaya. PU inaliwa na unyevu, jasho na joto na mafuta ya mwili vinakata ile minyororo ya plastiki polepole, na hata ukiziacha kwenye boksi hujazivaa bado unyevu wa hewani unafanya kazi yake. Miaka miwili, mitatu, mitano ukibahatika. Halafu unafanyaje? Unatupa plastiki unanunua plastiki nyingine, au mbaya zaidi mito haiuzwi na unatupa hedfoni nzima ambayo spika zake bado ni nzima kabisa. Na hapo ndo watetezi wa ngozi wanapopata nguvu, wanasema si unaona, ngozi halisi ingedumu. Wana haki kwenye hilo la kudumu, siwezi kulikataa. Ila wanakosea wakidhani uchaguzi ni huo mmoja tu, ngozi ya mnyama au reksini inayomenyeka. Mahameli ipo siku zote, na haina cha kumenyeka kwa sababu haina utando uliopakwa juu.

Ndo tunarudi kwa DT 770 Pro. Mito yake ni mviringo, mikubwa, ya kijivu kinachong'aa kidogo, nywele zake fupi fupi zimesimama na ukipitisha kidole zinabadilika rangi kufuata upande uliopitisha. Ukiivaa mara ya kwanza haikubani kama reksini, inakaa tu kama umeegemea blanketi, na hewa inapita. Hiyo ndo tofauti kubwa utakayoisikia ukitoka kwenye reksini, joto. Reksini ikishakaa saa moja inaanza kuteleza kwa jasho, hii hapana, unaweza ukafanya kazi mchana mzima ukasahau kama umevaa kitu. Uzito wake ni gramu 270 hivi bila waya, sio nyepesi sana kwenye mikono ila kichwani uzito umegawanyika vizuri. Wenzangu wa miwani hii itawafaa zaidi, mkono wa miwani unazama kwenye mahameli badala ya kukandamizwa kwenye fuvu.

Mkanda wa juu ndo sehemu ya kuangalia, na kwa DT 770 Pro mkanda huo ni chuma cha springi kilichovikwa pedi ya ngozi bandia, sio ya mnyama. Uzuri pedi yenyewe inafungwa kwa vifungo vya kubana, kwahiyo ikichoka unaifungua unaweka nyingine. Ningefurahi zaidi kama na hapo juu wangeweka kitambaa, sioni kwanini wameifanya kazi vizuri kwenye masikio wakaiachia njiani kwenye kichwa, lakini jasho la utosi ni dogo kuliko la masikio na pedi hiyo haipati shida sana. Angalizo moja kubwa: kuna toleo la Ohm 32 (Ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme, nitakieleza mwishoni) ambalo limekuja na mito ya reksini, sio mahameli. Bado halina ngozi ya mnyama ila utarudi kwenye yale yale ya kumenyeka. Hakikisha unachukua la Ohm 80 au 250.

Sauti sasa. Kuna ukweli lazima usemwe, kitambaa hakizibi hewa kama ngozi. Ngozi na reksini vinaziba kabisa kuzunguka sikio, kwahiyo besi haivuji na kelele za nje hazipiti kirahisi. Mahameli inavuja kidogo. Ndo maana ukichukua hedfoni iliyoundwa kwa mito ya ngozi ukaiwekea mito ya mahameli ya duka lingine, mara nyingi besi inapungua na sauti za juu zinakuwa kali, halafu mtu analaumu kitambaa wakati ukweli ni kwamba ile hedfoni haikupangwa hivyo. DT 770 Pro imepangwa na mahameli tangu mwanzo, matundu na nafasi ya ndani ya kikombe vimehesabiwa na huo uvujaji, kwahiyo besi ipo, tena nyingi, nzito, inashuka chini kabisa. Anayekwambia bila ngozi hupati besi mvalishe hizi dakika tano.

Ubaya upo juu. Sauti kali za juu zimezidi, hasa maeneo ya kilohezi 8 hivi, herufi s za waimbaji zinachoma, matoazi yanang'aa kupita kiasi, na kama una sikio linalochoka haraka utalisikia hilo. Hili sio la vegani wala nini, ni tabia ya hedfoni yenyewe na wengi wanaijua. Mi napunguza hapo desibeli chache kwenye ekwalaiza ya simu na mambo yanatulia, bila hivyo mziki wenye matoazi mengi siwezi kusikiliza muda mrefu. Sauti za kati, yaani za watu wakiongea na gitaa na kinanda, zimekaa nyuma kidogo lakini ziko safi. Kwa filamu na gemu na kuhariri video ni tamu mno.

Kuzuia kelele za nje ni kwa kuziba tu, hakuna umeme, hakuna betri, na hazina uwezo wa kupigana na injini ya ndege kama hizi za kisasa. Kama kazi yako ni kusafiri usinunue hizi. Waya nao ni wa mita tatu kwenye la Ohm 80 na hautoki, umeungwa moja kwa moja, ukikatika unahitaji mtu wa kulehemu. Toleo maalum la Pro X walilotoa 2024 walipotimiza miaka 100 ya kampuni ndo limekuja na waya unaochomoka na Ohm 48, na mahameli ipo pale pale, kwahiyo ukilipata ni bora zaidi kwa matumizi ya kila siku.

Usafi ndo kitu watu wanaogopa kwenye mahameli na wana haki, kwa sababu inashika kila kitu, vumbi, nywele za paka, nyuzi za sweta. Ukiwa na paka nyumbani utakuwa na kazi. Mi natumia ile rola ya karatasi ya kunata, napitisha, inaisha. Na mara moja moja navua mito kabisa, ile ya Beyerdynamic inatoka kwa kuvuta mdomo wake kutoka kwenye mfereji unaozunguka kikombe, naifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, naikamua kwa kubonyeza kati ya viganja sio kusokota, naanika kivulini mpaka sponji ikauke hadi ndani kabisa. Inarudi kama mpya. Jaribu kufanya hivyo kwenye ngozi au reksini uone. Kurudisha ndo kunahitaji subira kidogo, unachomeka upande mmoja kwenye mfereji halafu unazungusha taratibu kwa vidole mpaka mdomo wote uingie, ukivuta kwa nguvu unaweza kuuchana. Na ikichakaa sponji ikalala, mito mipya ya kampuni yenyewe inauzwa peke yake, tafuta EDT 770 V, ndo jina la ile ya mahameli ya kijivu.

Kuna swali ambalo mavegani wenzangu wananibana nalo, je vya ndani? Gundi inayoshika spika, vitambaa vya kutuliza mwangwi ndani ya kikombe, plastiki zenyewe. Ni swali la haki. Kwenye vifaa vya sauti kwa ujumla kuna sehemu zinazotumia sufu, zipo spika za hariri, zipo gundi zenye asili ya mnyama, na hata kwenye plastiki kuna mafuta ya kulainisha ambayo yanaweza kutoka kwenye mimea au kwenye mafuta ya ng'ombe, na hakuna boksi litakalokuandikia hayo. Msimamo wangu ni ule wa The Vegan Society, wale wa Uingereza walioanza 1944, kwamba unaepuka kwa kadri inavyowezekana na kutekelezeka. Mito na mkanda naviona, naweza kuviuliza, naweza kuvikataa, kwahiyo hapo sina kisingizio. Vya ndani nauliza, napoandikiwa jibu la wazi nafurahi, napokosa jibu sijilaumu, ila naendelea kuuliza kwa sababu kampuni zikiulizwa swali moja na watu wengi zinaanza kuliandika kwenye maelezo, hivyo hivyo ndo lebo za vyakula zilivyobadilika.

Kuna anayesema mahameli nayo ni poliesta, ni plastiki, inatoa nyuzi ndogo ndogo kwenye maji ukiifua. Kweli kabisa na sitaki kuificha. Ndo maana nimesema kitu kinachodumu na kinachofulika na kinachouzwa kipande kipande ni bora kuliko plastiki ya kutupa kila baada ya miaka mitatu. Na ngozi halisi isidhaniwe ni safi kwa mazingira, nyingi inatengenezwa kwa chumvi za kromiamu na maji mengi mno, na maji hayo yakiachiwa bila kusafishwa ni sumu mtoni.

Kama DT 770 hazikufai, kwa mfano unataka hedfoni za wazi ambazo sauti inapumua, HD 600 na HD 650 za Sennheiser nazo mito yake ni mahameli na hazina ngozi, na sauti za watu humo ni nzuri kuliko DT 770 bila ubishi, ila kila mtu chumbani atasikia unachosikiliza. Ukiwa na uwezo mkubwa HD 800 S zimevikwa maikrofaiba. Ukikuta imeandikwa Alcantara usiogope, ile ni ya kutengenezwa kwa poliesta na poliurethani, inafanana na ngozi ya swede ila haina mnyama, Sennheiser waliwahi kuitumia kwenye Momentum ndogo za kukaa juu ya sikio. Na kama umepewa zawadi hedfoni za ngozi au umezipata mkononi kwa mtu, kubadilisha mito inawezekana, Dekoni na Brainwavz wanauza ya mahameli ya hedfoni nyingi, lakini soma vizuri kwa sababu hao hao wanauza na ya kondoo kwenye ukurasa ule ule, na kumbuka kuna ule mkanda wa juu ambao mara nyingi huwezi kuubadilisha.

Kuhusu Ohm, maana naulizwa kila mara: unatumia simu au laptop, chukua 80, inasukumwa vizuri tu ingawa utapandisha sauti juu kuliko ulivyozoea. 250 ni ya mwenye amplifaya au kadi ya sauti ya studio. Mahameli ni ile ile kwa zote mbili, kwahiyo usilipie zaidi ukidhani unapata mito bora.

Beyerdynamic kama kuna mtu wenu anasoma Kiswahili, tengenezeni ile pedi ya juu ya mahameli, tutainunua, na kwenye ukurasa wa bidhaa andikeni wazi hakuna ngozi ya mnyama kwenye mito, kwenye mkanda, na gundi ni ya nini.